Kufundisha Klasi na Vitu kwa BlueJ: Tuanze na Kibubu

Mwanafunzi anayeanza Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa njia iliyozoeleka hukaririshwa methodi (fungu la maagizo lenye jina) ya main, ambayo ndiyo huanzisha programu, yenye maneno asiyoelezwa maana yake, kabla hajajua klasi ni nini wala kitu ni nini. Mimi huanzia upande wa pili: mwanafunzi akishike kitu kwanza, akikague, ndipo aandike. Chombo changu ni BlueJ, programu ya bure iliyotolewa mwaka 1999 na Michael Kölling na John Rosenberg wakiwa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ambayo ndani yake methodi yoyote huweza kuitwa peke yake bila kuwapo main.

Hatua ya 1. Andika mwenyewe klasi ya Kibubu yenye sifa moja, salio, na methodi tatu: weka, toa na onyeshaSalio. Usiweke sharti lolote ndani ya toa, kwa maana kasoro hiyo tutaihitaji.

Hatua ya 2. Siku moja kabla ya kipindi, tuma kwenye kundi la WhatsApp video isiyozidi dakika 5, inayoeleza jambo moja tu: klasi ni mchoro wa seremala, na kitu ni kibubu chenyewe kilichochongwa kwa kuufuata mchoro huo. Wasio na bando wapatie video hiyo kwa flashi mapema. Ukiingia maabara usiirudie, kwani ukiirudia mara moja tu hakuna atakayejisumbua kuitazama inayofuata.

Hatua ya 3. Waketi wawili wawili kwa kompyuta moja. Wabofye klasi ya Kibubu kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuunda kitu. Chini ya dirisha kitatokea kisanduku chekundu chenye jina kibubu1. Waunde na cha pili. Sasa uliza: tukiweka 5000 katika kibubu1, kibubu2 kitakuwa na shilingi ngapi? Kila mmoja aandike jibu lake daftarini kabla hajagusa kipanya. Daima wapo wanaoandika 5000, kwa kuwa vibubu vyote viwili vimetoka katika klasi moja. Wakishaweka fedha, wabofye kila kibubu mara mbili ili madirisha ya ukaguzi yakae ubavu kwa ubavu: moja linasoma 5000, la pili 0. Hapo nyamaza. Waache wabishane wenyewe, kwa sababu anayegundua kwamba kila kitu hubeba hali yake ameshapata kiini cha somo zima.

Hatua ya 4. Waambie watoe 9000 katika kibubu1. Salio litasoma -4000, na darasa zima litajua kwamba hakuna kibubu cha namna hiyo duniani. Ndipo wafungue msimbo kwa mara ya kwanza na kuandika sharti lao:

if (kiasi <= salio) {
    salio = salio - kiasi;
}

Wakikompaili, yaani kuigeuza klasi iliyoandikwa iwe tayari kuendeshwa na kompyuta, vitu vyote vilivyokuwa chini ya dirisha vitatoweka. Wasiposhtuka, waonyeshe: mchoro umebadilika, hivyo vibubu vya zamani haviwezi kubaki.

Hatua ya 5. Kazi ya nyumbani ni klasi ya Daladala yenye sifa ya idadi ya abiria na methodi za kupandisha na kushusha, pamoja na masharti mawili watakayoyabuni wenyewe. Urithi wa klasi, yaani klasi moja kuchukua sifa na methodi za nyingine, usiuguse mpaka wanafunzi waweze kufanya vitu viwili vya klasi tofauti viitiane methodi; mimi huuacha hadi wiki ya nne.