Jinsi ya kumpata na kumtambua Tibellus oblongus nyasini

Wengi humkosa buibui huyu kwa sababu wanatafuta utando. Hana utando wa kutegea. Huvizia kwenye nyasi, mdudu akikaribia humrukia, na akishtuliwa hutimua mbio.

Hatua ya 1: Chagua mahali. Nenda penye nyasi ndefu ambazo hazijafyekwa. Subiri umande ukauke, maana wavu wa kukamatia ukilowa buibui hugandamana na takataka na kuumia.

Hatua ya 2: Tafuta kwa macho kwanza. Chuchumaa, kagua bua moja moja. Hujinyoosha juu ya bua, miguu minne mbele na minne nyuma, rangi yake ya majani makavu, akaonekana kama sehemu ya bua lenyewe. Sogeza kidole taratibu upande mmoja: mara nyingi atazungukia upande wa pili kukukwepa. Mimi humgundua hapo, anapojisogeza, kuliko kwa umbo lake.

Hatua ya 3: Fagia kwa wavu. Usipomwona, pitisha wavu imara juu ya nyasi, kushoto na kulia, mara kumi hivi, kisha uangalie ndani upesi. Atakuwa anapanda kuelekea mdomoni mwa wavu. Mfunike kwa kichupa. Usimkamate kwa vidole, miguu hukatika.

Hatua ya 4: Mkague kwa lenzi ya mkono. Mwili ni mrefu na mwembamba, jike hufikia takriban milimita 10. Mstari wa kahawia iliyokolea hupita katikati ya mgongo toka kichwani hadi nyuma, na karibu na mwisho wa tumbo kuna vidoa viwili vyeusi. Wanaoanza humchanganya na Tetragnatha, buibui mwingine ambaye naye hujinyoosha kwenye mabua. Tazama taya: za Tetragnatha ni ndefu mno, tena yeye hufuma utando wa duara.

Tatizo ni ndugu yake, Tibellus maritimus. Huyo kwa kawaida ana vidoa vingi vidogo tumboni, lakini vidoa hudanganya. Uhakika hupatikana kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya buibui mpevu chini ya hadubini. Buibui ambaye hajapevuka hatambuliki kwa njia hiyo. Mwandike Tibellus tu, usibahatishe.

Hatua ya 5: Mrudishe. Piga picha ya mgongo, andika tarehe na aina ya nyasi, kisha mwachie kwenye bua lilelile. Jike akiwa amekumbatia kifuko cha mayai, usimguse kabisa: huwa analinda.