Kuvuta kebo ya mtandao hadi kwenye televisheni: mwongozo kwa nyumba za Goma

Kabla hujatoboa ukuta wowote, fanya jaribio hili. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa kebo fupi, zima Wi-Fi yake, kisha fungua video ileile inayokwama kwenye televisheni yako ya Wi-Fi, saa ileile ya jioni. Ikikwama hapo pia, shida iko kwa anayekuuzia intaneti na mwongozo huu haukuhusu. Ikienda vizuri, basi mawimbi yanapotea kati ya ruta na sebule, na hapo kebo ni dawa.

Hatua ya 1: Nunua shaba

Wauzaji watakusukumia kebo yenye namba kubwa. Huihitaji. Netflix inapendekeza Mbps 15 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) kwa picha ya 4K na Mbps 5 kwa HD kamili, na tundu la mtandao la televisheni nyingi linaishia Mbps 100. Kebo ya aina ya Cat5e inabeba Gbps 1, yaani Mbps 1000, hadi mita 100, kwa hiyo inatosha kabisa. Ukikuta Cat6 kwa bei inayokaribiana, chukua, ila ujue ni nene na inasumbua kwenye kona.

Kinachostahili pesa yako ni shaba. Ukienda kununua Birere, beba wembe. Omba kipande, vua ganda, kwaruza uzi mmoja. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukigeuka mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba juu, na mara nyingi ganda lenyewe limeandikwa CCA. Uzi huo hukatika upesi ukiukunja, na umbali ukiwa mrefu unadhoofisha mawasiliano. Boksi lake pia ni jepesi kuliko kawaida.

Kwa sehemu itakayokaa nje, tafuta kebo ya nje, yenye ganda jeusi lililotengenezwa kuvumilia jua. Ile ya kijivu ya ndani hukauka na kupasuka.

Hatua ya 2: Chora njia

Kwingine fundi anachimba mtaro, anafukia tiyo (bomba), kazi imekwisha. Sisi tumejenga juu ya lava ya Nyiragongo. Pale ambapo mtiririko wa Januari 2002 ulipita, sururu inarudi na cheche. Kwa hiyo kebo zetu nyingi hupita juu: chini ya mabati, kwenye ukingo wa ukuta, au ndani ya dari.

Nyumba ya mbao ni rahisi kutoboa, lakini usiifunge kebo kwa misumari iliyokunjwa. Inabana ganda na kuharibu nyuzi ndani. Tumia klipsi za plastiki zenye msumari pembeni. Darini pitisha kwenye tiyo ya PVC, kwa sababu panya wa Goma hawachagui. Nyumba ya bloku au mawe, toboa tundu likiteremka kidogo kuelekea nje ili mvua isifuate kebo kuingia ndani. Kabla kebo haijaingia, iache ining'inie kidogo chini ya tundu, maji yadondoke hapo.

Kaa mbali na waya za umeme wa 220 V. Zikienda sambamba, acha sentimita 20 au zaidi. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa msalaba. Usipitishe kamwe umeme na mtandao katika tiyo moja, hata kama mwenye nyumba anataka kuokoa tiyo.

Hatua ya 3: Vuta

Vuta polepole, bila kukunja kona kali, na acha mita moja ya ziada kila upande. Nikiwa tayari darini huwa navuta kebo mbili badala ya moja. Ya pili itakuja kuhitajika, na kupanda tena ndiko kunakogharimu.

Ikiwa kebo inatoka nyumba moja kwenda nyingine

Hapa nitakuwa mkali. Katika parseli nyingi ruta iko nyumba kubwa na mpangaji yuko nyuma, na watu hurusha kebo ya shaba hewani kati ya mabati mawili. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Radi si lazima ipige kebo yenyewe. Ikianguka karibu tu, inasukuma umeme ndani ya ule uzi, na umeme huo unamalizikia kwenye televisheni. Kuna vifaa vya kuzuia, lakini vinahitaji waya wa ardhi wa kweli, na kwenye mwamba wa lava kupigilia fimbo ya ardhi mpaka ifanye kazi ni shughuli.

Mimi kati ya nyumba mbili naweka faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha mwanga, isiyo na waya wa chuma ndani, na kila upande kigeuzi kidogo cha kuiunganisha na kebo ya kawaida. Kioo hakipitishi umeme. Ukishindwa gharama, tumia shaba lakini chomoa pande zote mbili mawingu yakianza kukusanyika. Kuzima tu swichi ya umeme hakusaidii kitu.

Hatua ya 4: Funga vichwa vya RJ45 (plagi za ncha za kebo)

Shika kichwa kilimi kikiwa upande wa nyuma, meno ya shaba yakikutazama, mdomo wa kuingizia kebo ukiwa chini. Kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili hivyohivyo.

Utasikia mafundi wakisema rangi yoyote ni sawa mradi pande zifanane. Si kweli. Nyuzi zimesokotwa mbilimbili, na msokoto huo ndio unaofukuza kelele. Namba 3 na 6 lazima ziwe jozi moja, ya kijani, ndiyo maana bluu inakaa katikati yake. Ukizipanga upendavyo unavunja jozi. Kipima kebo cha bei ndogo kitawasha taa zote nane kana kwamba kila kitu ni sawa, halafu filamu inakwama.

Usifungue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi. Hakikisha ganda la nje limeingia ndani ya kichwa ndipo ubane kwa koleo, ili anayejikwaa avute ganda, si nyuzi.

Hatua ya 5: Pima, kisha unganisha

Pima kila kebo kabla hujafunga klipsi za mwisho. Ukiwa na televisheni zaidi ya moja au dekoda, weka swichi ndogo ya mtandao ya matundu 5 (kifaa kinachogawa kebo moja kwa vifaa kadhaa) sebuleni badala ya kuvuta kebo mpya kwa kila kifaa. Swichi hiyo na ruta zichomeke kwenye betri ileile inayobeba televisheni. Vinginevyo umeme ukikatika utabaki na picha isiyo na mtandao.

Kwenye televisheni nenda kwenye mipangilio ya mtandao, chagua kebo, na uzime Wi-Fi. Kipimo cha kasi kikikuonyesha Mbps 90 na kitu ilhali simu inapata 200, usiniite: ni tundu la televisheni lilipofikia, na bado ni zaidi ya mara sita ya kinachohitajika kwa 4K.

Mwisho, andika kwa kalamu isiyofutika kwenye kila ncha inakokwenda.