Namna ya Kufanya Kazi Vyema na Watu wa Tamaduni Mbalimbali

Anayejiandaa kufanya kazi na watu wa tamaduni nyingine aghalabu huanza kwa kutafuta orodha ya desturi za kila taifa, na orodha hiyo humsaidia kidogo tu. Geert Hofstede, mtafiti wa Uholanzi aliyechambua hojaji zaidi ya 100,000 za wafanyakazi wa kampuni ya IBM, alionya yeye mwenyewe kwamba wastani wa nchi haumwelezi mtu mmoja mmoja. Mwenzako ana umri, taaluma, malezi na hulka yake.

Stadi ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kutenganisha ulichokiona na maana uliyokipa. Tuseme mwenzako amenyamaza kikaoni baada ya kusikia pendekezo lako. Ulichokiona ni ukimya. Kwamba hajali, au kwamba amekubali, umeongeza wewe. Mwanaanthropolojia wa Marekani Edward T. Hall alieleza mwaka 1976 kwamba katika baadhi ya jamii ujumbe hubebwa zaidi na maneno yenyewe, ilhali katika nyingine sehemu kubwa hubebwa na mazingira: nani yupo, nani ana cheo, lipi limeachwa bila kusemwa. Kwa hiyo ukimya ule huenda ni pingamizi la heshima mbele ya mkubwa, au anatafakari tu. Jipe tafsiri mbili au tatu kabla ya kuhukumu, kisha muulize mkiwa wawili, kwa swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana: "Ni sehemu gani ya mpango huu ungependa tuibadilishe?"

Anayeongoza kikao ana wajibu mkubwa zaidi. Atume ajenda mapema, ili anayetumia lugha ya kujifunza ukubwani apate muda wa kupanga hoja zake. Apokee pia maoni ya maandishi. Na badala ya kusema kazi inatakiwa "haraka", ataje siku na saa. Makosa ya mtu yazungumzwe faragha.

Taratibu hizi kikundi kizipange pamoja na kuzipitia upya kila anapojiunga mtu mpya, kwa sababu si haki mgeni peke yake abebe mzigo wa kujirekebisha huku wenyeji wakiichukulia desturi yao kuwa ndiyo kanuni ya kazi.