Ofisi ya uani katika nchi ya baridi: ogopa mvuke kuliko theluji

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tunajenga tukiwaza mvua na jua. Paa lisivuje, upepo upite, basi. Ukihamia nchi yenye majira ya baridi na ukaamua kujijengea chumba cha kazi uani, mawazo hayo hayatoshi. Hofu ya baridi nayo inaweza kukupoteza: unanunua insulesheni nene, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoroke, unaishindilia ukutani, na baada ya miaka michache mbao zimeoza kwa ndani huku rangi ya nje bado inang'aa. Kilichoziozesha si theluji. Ni mvuke uliotoka kwako mwenyewe ulipokuwa umeketi humo ukifanya kazi.

Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 0, hubeba kama gramu 5 tu. Zinazozidi hapo hugeuka maji. Mtu aliyetulia mezani hutoa gramu 40 hadi 50 za mvuke kila saa, hujahesabu birika la chai. Wakati wa baridi mvuke huo husukumwa kutoka ndani kwenda nje, hupenya kila ufa, na ukifika kwenye ubao wa nje uliopoa hutona hapohapo, mahali ambapo jicho lako halifiki.

Kwa hiyo mpangilio wa tabaka za ukuta una uzito kuliko unene wake. Ukianzia ndani: jipsamu bodi au plaiwudi, kisha karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia mvuke, kisha fremu ya mbao iliyojazwa insulesheni, kisha ubao wa kukaza fremu, kisha karatasi inayozuia maji ya mvua lakini inayoruhusu mvuke kutoka. Juu ya karatasi hiyo pigilia fito zilizosimama wima, ndipo uweke mbao za nje. Fito huacha nafasi ya milimita 25 hivi ambamo hewa hupanda na kukausha chochote kilicholowa. Chini na juu ya nafasi hiyo weka wavu mdogo, la sivyo panya watahamia humo kabla yako.

Plastiki ya ndani isibaki na tundu. Maungio yapishane na yafungwe kwa tepu maalumu, na kila soketi ya umeme inayoitoboa izibwe pembeni. Njia rahisi ni kupigilia fito nyingine juu ya plastiki, upande wa ndani, ili nyaya zipite mbele yake bila kuitoboa. Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia kumaliza. Simama nao, au ifanye mwenyewe jioni wakishaondoka.

Wasomaji walio Houston au nchi za Ghuba waruke sehemu ya plastiki. Kwenye joto la unyevu na kiyoyozi kinachokwenda mchana kutwa, mvuke husafiri kinyume, kutoka nje kuja ndani, na plastiki nyuma ya jipsamu bodi huukamatia pabaya.

Sasa insulesheni yenyewe. Bodi za povu gumu la poliyurethani zenye milimita 100 hufanya kazi ya kama milimita 160 za sufu ya madini (nyuzi laini za mawe au kioo), ndiyo maana zinapendwa penye nafasi finyu. Lakini povu huungua na sufu ya mawe haiungui, na bodi zilizokatwa vibaya huacha nyufa zinazokula faida yote. Binafsi, ukuta ukiwa na nafasi ningechagua sufu: hujibana yenyewe kati ya nguzo za fremu na hunyamazisha kelele za jirani. Usiishindilie tu, maana kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani yake. Nguzo zikae sentimita 60 kutoka kati hadi kati, ili bodi za upana wa sentimita 120 ziishie juu ya mbao. Na kwa kuwa mbao hupitisha joto zaidi ya mara 3 kuliko sufu, tabaka jembamba la insulesheni linalopita juu ya nguzo zote bila kukatika husaidia kuliko kuongeza unene katikati yake.

Madirisha ni anasa yenye gharama. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.3, kuta na paa vikiwa na insulesheni nzuri, na madirisha ya vioo viwiliviwili, kimoja nyuma ya kingine, ya jumla ya mita za mraba 5. Nje ikiwa nyuzi 0 na ndani 20, chumba kitapoteza takriban wati 500. Vioo havifiki sehemu ya kumi ya eneo lote, lakini hupitisha zaidi ya robo ya joto hilo. Wewe mwenyewe unatoa kama wati 100, kwa hiyo hita ya kilowati 1 inatosha. Kiyoyozi cha kugeuza, kinachopoza na kupasha, ni ghali kununua ila hutumia umeme kidogo zaidi kwa joto lilelile.

Kuhusu jua: London mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hufika nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, upande wa kusini. Halipandi utosini, linakuja moja kwa moja kwenye skrini yako. Kwa wakazi wa kizio cha kaskazini, meza ikiangalia dirisha la kaskazini macho hupumzika. Walio Australia wageuze.

Msingi hauhitaji zege la chumba kizima. Vipande vya zege au skrubu kubwa za chuma za kuchimbia ardhini hutosha kwa jengo jepesi, mradi pima maji ikubali na hewa ipite chini ya sakafu. Penye ardhi inayoganda, maji yaliyo udongoni hutanuka kama asilimia 9 yanapogeuka barafu na kuinua chochote kilichokaa juujuu. Kaskazini mwa Minnesota kanuni zinataka msingi ushuke mita 1.5. Ulizia kina cha eneo lako kabla ya kushika sepetu. Sakafu nayo ipewe insulesheni, kwani miguu ndiyo hulalamika kwanza.

Kibali kitafute kabla hujanunua hata msumari. Kanuni hutofautiana sana. Katika England, kwa mfano, jengo la uani lililo ndani ya mita 2 kutoka mpakani lisizidi kimo cha mita 2.5 kama hutaki kuomba kibali cha mipango, na lisikae mbele ya nyumba. Anayeishi ghorofani hana nafuu hiyo hata akimiliki bustani. Mpangaji apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Halafu kuna desturi yetu ya kulaza wageni: chumba cha kulala na chumba cha kazi havihesabiki sawa mbele ya sheria, kwa hiyo usimtandikie shangazi godoro humo ukidhani hakuna anayejali. Ijulishe pia kampuni ya bima ya nyumba yako.

Umeme usivutwe kwa ekstensheni iliyopitishwa dirishani. Unahitaji saketi yake, kebo yenye ganda la chuma iliyofukiwa, na swichi inayokata mkondo pindi umeme unapovuja. Hii ni kazi ya fundi mwenye leseni, na nchi nyingi hutaka cheti chake.

Ukishaziba kila ufa, chumba hakipumui tena. Saa mbili za mikutano mlango ukiwa umefungwa zinatosha kukuletea usingizi na maumivu ya kichwa. Weka matundu ya hewa yanayofungika juu ya madirisha, au feni ndogo inayorudisha joto la hewa inayotoka. Kipimo cha unyevu ukutani ni kitu kidogo chenye manufaa makubwa: kikizidi asilimia 60 mara kwa mara, ukungu uko njiani.

Mtaro wa umeme ukiwa bado wazi, laza bomba la pili lenye kebo ya mtandao. Intaneti isiyo na waya hudhoofika sana ikipita kwenye bodi za povu zenye karatasi ya alumini pande zote mbili, ilhali kebo hufika hadi mita 100. Acha na kamba ndani ya bomba, ili siku ukitaka kuvuta kebo nyingine usichimbe upya.