Presha ya oili na mivujo kwenye V8 kongwe ya Kimarekani: tafuta chanzo kabla ya kufungua injini

Taa ya oili ikiwaka gari likiwa kwenye mwendo, au injini ikianza kugonga huku geji imelala, zima injini hapo hapo. Beringi za krenkshafti huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikatika chuma husagana na chuma. Dakika chache zinatosha kuua injini. Lakini kama injini inanguruma vizuri na ni geji tu inayosoma chini, usikimbilie kushusha sampo (bakuli la oili chini ya injini). Kwenye Chevelle, Camaro, Mustang, GTO au Charger ya miaka ya 1960 na 1970, washukiwa wa kwanza ni geji yenyewe, sensa yake na waya unaoziunganisha.

Anza na kijiti cha oili. Gari likae sawa, injini iwe imezimwa kwa dakika kumi, kisha pima na unuse. Oili yenye harufu ya petroli imechanganyika na mafuta, mara nyingi kwa sababu diaframu ya pampu ya mafuta iliyofungwa ubavuni mwa injini imepasuka, au kabureta inafurika. Oili ya namna hiyo huwa nyepesi, presha hushuka, na kiwango kwenye kijiti hupanda badala ya kupungua. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Acha kuwasha injini mpaka ujue yanapitia wapi. Kama oili ni safi ila hujui ni ya gredi gani, imwage na uweke 10W-30, au 20W-50 kwa injini iliyokwisha tembea sana na sehemu zenye joto. Injini hizi zina tapeti bapa (zisizo na rola, zinazosuguana moja kwa moja na kemshafti), kwa hiyo chagua oili yenye zinki ya kutosha, la sivyo kemshafti italika.

Sasa pima presha kwa geji ya mkono, ile yenye mpira na mshale. Hakuna kipimo kingine cha kuaminika. Kwenye Chevrolet V8 ndogo (familia ya injini iitwayo small block) sensa mara nyingi ipo juu nyuma ya bloku, jirani na distributa. Kwenye Ford ndogo za 289 na 302 (ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo) ipo mbele upande wa kushoto, karibu na filta ya oili. Thredi ya Chevrolet kwa kawaida ni ya inchi 1/8, ya Ford ni inchi 1/4, hivyo andaa viunganishi vya aina zote mbili. Fungua sensa, funga geji, hakikisha mpira haugusi ekzosi, kisha endesha gari kama dakika ishirini. Kipimo cha injini baridi hakina maana kubwa, kwani oili nzito huonyesha psi 60 (psi ni kipimo cha presha) hata kwenye injini iliyochoka.

Oili ikishapata moto, soma geji injini ikinguruma bila kukanyagwa, kisha kwenye mizunguko 2,000 na 3,000 kwa dakika. Kanuni ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Hiyo ni kanuni ya kujipa nafasi, si mstari wa kufa na kupona: kwa injini ya Chevrolet 350 za miaka ya baadaye, kiwandani walikubali kima cha chini cha psi 6 kwenye mizunguko 1,000, psi 18 kwenye 2,000 na psi 24 kwenye 4,000. Injini iliyo moto inayosoma psi 15 ikiwa imetulia na psi 40 ikikanyagwa haina ugonjwa wa presha. Kama geji ya mkono inatoa namba hizo na ya dashibodi inasema vingine, badilisha sensa, na usiizungushie tepi nyingi ya thredi kwa sababu inapata ethi kupitia thredi hizo hizo.

Namba zikiwa kweli ziko chini, namna zinavyoshuka ndiyo inayokuambia pa kutazama. Presha ndogo injini ikitulia lakini nzuri ikikanyagwa ni dalili ya oili nyepesi au beringi zilizolika: nafasi kati ya beringi na krenkshafti ikipanuka, oili inatoroka kuliko pampu inavyoweza kujaza. Presha ndogo kwenye kila mzunguko huelekeza kwenye pampu, au kwenye valvu ya kupunguza presha iliyokwama wazi kwa uchafu, au kwenye bomba la kunyonyea lililolegea na kuvuta hewa. Presha inayoyumba ukikata kona au ukifunga breki ni oili pungufu. Na ile inayoanza vizuri, kisha inadondoka ukishikilia mizunguko mikubwa, ni chujio la kunyonyea lililoziba.

Hilo la mwisho lina sababu moja inayopaswa kujulikana na kila mwenye gari la aina hii. Viwanda vya Marekani vilitengeneza gia za kemshafti zenye meno yaliyovikwa nailoni ili zisipige kelele. Nailoni huzeeka, hupasuka na kudondokea kwenye sampo, na vipande vyake huganda juu ya wavu wa chujio. Ukishusha sampo ukakuta vipande vigumu vya rangi ya hudhurungi kama kucha zilizokatwa, kusafisha chujio peke yake hakutoshi. Badilisha gia zote mbili (ya kemshafti na ya krenkshafti) na cheni inayoziunganisha, uweke za chuma, kisha pima nafasi kati ya chujio na sakafu ya sampo. Iwe kati ya inchi 1/4 na 3/8.

Presha ikiwa sifuri kabisa kwa geji ya mkono, usiwashe tena. Kwenye injini ndogo za Chevrolet na Ford unaweza kutoa distributa (weka alama ya rota kwanza), ukazungusha shafti ya pampu kwa drili. Chevrolet huzungushwa kwa mwelekeo wa saa, Ford ndogo kinyume chake. Pampu ikishika oili utasikia drili inalemewa na geji itapanda. Isipopanda, sampo lazima ishuke.

Kabla ya kugusa gasketi yoyote inayovuja, kagua valvu ya PCV (inayotoa hewa iliyonaswa ndani ya injini), kwa sababu hapa presha na mivujo hukutana. Hewa inayopenya kwenye ringi za pistoni lazima itoke; PCV ikiziba, hewa hiyo husukuma oili kupitia kila oilsili iliyo dhaifu. Itoe uitikise: inapaswa kugongagonga. Kisha, injini ikinguruma, ziba tundu lingine la kupumulia na uweke karatasi juu ya mdomo wa kujazia oili. Ikivutwa, mfumo unafanya kazi. Ikirushwa juu, hata gasketi mpya zitavuja ndani ya wiki chache. Watu wamebadilisha oilsili za nyuma bure kwa kuruka hatua hii.

Kutafuta mvujo wenyewe, osha injini yote kwa dawa ya kuondoa grisi, ikauke, kisha pulizia poda nyepesi kama ya miguuni sehemu unazozishuku. Endesha dakika kumi na tano, uliweke gari juu ya stendi imara (kamwe si jeki pekee), na uingie na tochi. Njia ya oili itaonekana nyeusi juu ya weupe. Oili hushuka na upepo wa feni na wa barabara huirudisha nyuma, kwa hiyo chanzo huwa juu na mbele ya pale panapodondosha. Fuata unyevu kwenda juu hadi palipo kavu.

Hii ndiyo sababu oilsili ya nyuma ya krenkshafti husingiziwa sana. Tone likining'inia kwenye kasha la klachi au la konveta (inayoshika nafasi ya klachi kwenye giaboksi ya otomatiki), kagua kwanza pembe za nyuma za tapeti kava, mkanda wa nyuma wa inteki manifoldi, gasketi ya distributa, na sensa ya presha yenyewe, ambayo ikipasuka hutiririsha oili nyuma ya bloku yote. Bolti za tapeti kava za bati hazitaki nguvu: ukizikaza sana bati hupinda kuzunguka kila tundu, na mvujo unaongezeka. Ligonge bati linyooke, weka gasketi mpya, ukaze kidogo kidogo kwa kupokezana. Kama kweli ni oilsili ya nyuma, injini ndogo za Chevrolet za kabla ya 1986 zina oilsili ya vipande viwili. Mdomo uelekee mbele, na viungo visogezwe kama milimita kumi ili visilingane na mstari wa kifuniko cha beringi.

Vimiminika vingine hujitambulisha vyenyewe. Chekundu, au cha kahawia chenye harufu ya kuungua, ni ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki. Ikiwa ATF inapungua na chini ni kavu, chomoa mpira wa vakyumu kwenye modyuleta (kifaa kidogo chenye diaframu kinachoendeshwa na vakyumu ya injini) ya giaboksi ya TH350 au TH400 za GM, C4 au C6 za Ford. Mpira ukiwa na ATF ndani, diaframu imepasuka na injini inaichoma, ndiyo moshi mweupe unaouona nyuma. TorqueFlite, giaboksi ya otomatiki ya Chrysler, haina modyuleta. Yenyewe ikikaa siku nyingi, ATF hutoka kwenye konveta na kujaa sampo yake, kisha huvuja kwenye shafti ya gia. Ikivuja baada ya kulala tu, badilisha oilsili ndogo ya shafti hiyo. Kulanti ikitoka kwenye kitundu kilicho chini ya shafti ya pampu ya maji, pampu imekwisha. Oili nzito yenye harufu ya kiberiti ni ya difu. Safisha kipumulio cha difu kabla ya kubadilisha oilsili ya mbele.

Mafuta ya breki usiyaache hata siku moja. Yakipungua bila tone kuonekana, fungua masta silinda kutoka kwenye busta (kisaidizi cha breki), bila kutoa mabomba, na utazame nyuma yake: rangi iliyobabuka na unyevu ndani ya busta ni oilsili ya masta silinda imekwisha. Magari mengi ya kabla ya 1967 yana chumba kimoja tu cha mafuta ya breki, hivyo mvujo mmoja hunyima magurudumu yote manne breki kwa mpigo. Gari la namna hiyo lisitoke barabarani mpaka masta silinda ibadilishwe, na ukipata nafasi, weka ya vyumba viwili.