Namna ya Kumrudisha Shuleni Binti Aliyejifungua

Tangu Novemba 2021, Serikali ya Tanzania inamruhusu binti aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule ya kawaida, kama Zambia ilivyoruhusu mwaka 1997. Lakini ruhusa hiyo haifiki yenyewe katika vijiji vya Bahi na Chamwino, wilaya za mkoa wa Dodoma. Mwalimu mwenzangu, anza na mama yake binti, kwa maana ndiye atakayebaki na mjukuu. Mtembelee jioni, akisharudi kutoka shamba la mtama, kisha mpange pamoja saa za kunyonyesha. Binti mmoja alinionyesha daftari lake la Hisabati, alilolihifadhi ndani ya kanga ya mtoto. Siku ya kuripoti, mfikishe mwenyewe kwa mkuu wa shule, ukiwaonya wanafunzi wasimwite “mama fulani”.