Kuogesha watoto wa kambi baharini Bagamoyo: amua kabla hamjafika ufukweni

Kwa walezi wa kambi za likizo ya Juni na Desemba, wenye watoto wa miaka 7 hadi 13.

1. Fomu za wazazi. Tafuta pumu, kifafa na selimundu. Mwenye kifafa haingii majini bila mtu mzima wa kwake peke yake. Dawa ya pumu iende ufukweni, isibaki bwenini.

2. Mwenye filimbi. Mmoja tu. Akipuliza, wote nje. Hata mkuu wa kambi habishi mpaka watoto wawe mchangani. Haogi, hapigi picha, hashiki simu.

3. Maji. Hapa usiharakishe. Bagamoyo maji yakipwa hukimbia mbali na kuacha uwanja unaovutia kama kiwanja cha mpira. Balaa ni yanaporudi, maana hayaji kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote cha kujaa mafungu 12: saa ya kwanza huleta fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, kwa hiyo zile saa mbili za katikati zinaleta mita moja na nusu. Mtoto wa miaka 10 kwa kawaida hafiki kimo hicho. Tena maji hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma ya mafungu ya mchanga, watoto wakabaki kisiwani huku wakidhani njia ya kurudi ipo.

Bamvua hufuata mwezi kuandama na mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kasi kubwa basi ni saa 6 hadi saa 8 mchana, wakati walezi wako kwenye sufuria la wali! Kila siku nyakati husogea mbele dakika 50 hivi. Maji mafu, yaani ya siku za nusu mwezi, hujaa mnamo saa 4 asubuhi na tofauti yake ni ndogo. Hizo ndizo siku za kuogesha, nyingine wape mpira. Ratiba ya kambi ipangwe kwa mwezi wa angani, si kwa siku za juma. Jedwali la maji la Dar es Salaam linatosha, ila halijui upepo, kwa hiyo muulize na mvuvi asubuhi hiyo. Andika saa ya kutoka kwenye karatasi kabla ya kuondoka kambini. Mkishafika, watoto wataomba “dakika tano tu”, na mtu mzima mchovu hukubali.

Kaskazini, kwenye mlango wa Mto Ruvu, msiende kabisa: kuna mamba na viboko.

4. Ndani ya maji. Mwisho ni kiuno cha mtoto mfupi kuliko wote. Mlezi 1 kwa watoto 6, watoto wawili wawili, hesabu kila dakika 10. Fulana ziwe za chungwa au njano. Kwenye maji yenye tope, buluu na nyeupe hupotea mara moja. Maboya ya kupuliza mimi siyataki: umande, yaani upepo wa asubuhi, huvuma kutoka nchi kavu na kuyapeleka kilindini pamoja na aliyeyashika. Bora dumu tupu la lita 5 la kumrushia anayezama, maji kidogo ndani ili lirushike mbali, kifuniko kikazwe, na kamba ya mita 15.

5. Hesabu ikipungua. Filimbi, wote nje, tafuteni majini kwanza, chooni baadaye. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Akitolewa hapumui, mpe pumzi 5 za mdomo, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, bila kuacha. Usimning’inize kichwa chini wala kumminya tumbo. Mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji, na kuwasha gari.

6. Miiba. Aliyechomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani: mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha hospitali. Jaribu maji kwa mkono wako, si wake. Mguu wenye maumivu hausikii moto unaounguza. Kwa hiyo chupa mbili za chai ziende ufukweni zikiwa na maji matupu, bila majani.